Jogoo wa maganda ya mayai

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari, Dar es Salaam. Shemeji yangu alifanya kazi miaka kadhaa na Wavietnam kwenye kampuni ya simu, na mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia picha mbili. Ya kwanza ni ya karatasi: msafara wa panya, mmoja kapanda farasi, mwingine kabebwa kwenye machela, na juu yupo paka mkubwa. Ya pili ni ubao mweusi unaong'aa wenye jogoo mweupe aliyejaa mipasuko midogo midogo. Nyuma una saini na mwaka 2005. Shemeji anasema ya karatasi ndiyo sanaa yao halisi, na ya ubao ni ya kisasa iliyonakili mambo ya zamani ili iuzwe kwa wageni. Je, amesema kweli? Na mtu atamtambuaje mchoraji wa leo aliyejifunza kweli kutoka sanaa ya jadi na yule anayeiuza tu? Nimeambatisha picha ya ubao wenyewe.

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuzieleza picha zenyewe kwa makini. Shemeji yako anaamini cha zamani ndicho halisi na cha leo ni nakala, na wengi wetu tungesema hivyohivyo. Kwa picha hizi mbili mambo yamegeuka. Ile ya karatasi ni chapa. Kibao cha mbao kilichochongwa, kilichoitoa hiyo, kimetoa nyingine nyingi kama hiyo, na huenda yako ikawa changa kuliko ubao. Ubao ndio ulio mmoja tu, wa mkono wa mtu mmoja, na kama ni laka ya kweli, yaani utomvu wa mti uliopakwa tabaka kwa tabaka, ulimchukua miezi. Hapo sijakujibu bado, maana kitu kinaweza kuwa kimoja tu na bado kikawa nakala. Twende polepole, tuanzie kwa panya.

Picha hiyo Wavietnam wanaiita Đám cưới chuột, yaani arusi ya panya. Inatoka Đông Hồ, kijiji cha mkoa wa Bắc Ninh kando ya mto Đuống, kama kilomita 35 kutoka Hanoi. Itazame tena. Juu, panya wanampelekea paka zawadi: huyu kashika ndege, yule samaki, na wenzao wanapuliza tarumbeta. Chini, bwana arusi yuko juu ya farasi na bibi arusi anafuata kwenye machela. Ukiipitia haraka ni kichekesho cha watoto. Ukimkazia macho yule paka, unaona jambo lingine: hawa wana arusi yao, na arusi haipiti mpaka mkubwa apewe chake. Sisi husema paka akiondoka, panya hutawala. Wavietnam wamechora panya ambao paka wao haondoki, kwa hiyo wanamlisha ili siku yao ipite salama. Wapo pia wanaoisoma kama msafara wa msomi aliyefaulu mitihani ya dola, anarudi kijijini kwa heshima. Picha inawabeba wasomaji wote wawili bila kugombana nao.

Niliishi Hanoi karibu miaka mitatu nikijifunza utunzaji wa picha za karatasi. Nilikuwa nimeshasoma mengi kuhusu chapa za Đông Hồ, lakini nilizielewa siku nilipokaa chini pembeni ya mama mmoja akizipiga. Karatasi hutokana na gome la mti uitwao dó, lililochemshwa na kupondwa. Halafu hupakwa unga wa kombe za baharini uliochanganywa na gundi ya mchele wa kunata, kwa brashi ya majani ya msonobari. Karatasi ya namna hiyo huitwa điệp. Inamishe picha yako karibu na dirisha wakati jua liko chini. Ikiwa ina vimetameta vidogo, na mistari myembamba kama ya uwanja uliofagiliwa asubuhi, basi shemeji yako alipewa kitu kizuri.

Rangi nazo hutoka shambani na mlimani. Nyeusi ni mkaa wa majani ya mianzi uliolowekwa muda mrefu, nyekundu ni changarawe nyekundu iliyosagwa, njano ni maua ya mti wa hòe, bluu ni nili, na nyeupe ni zile kombe zenyewe. Kila rangi ina kibao chake. Yule mama alikandamiza kibao kwenye pedi yenye rangi, akakipiga juu ya karatasi kama karani anavyopiga mhuri, akakiinua karatasi ikiwa imeganda, akakigeuza, kisha akausugua mgongo wa karatasi kwa dodoki. Dodoki hilihili tunalojisugulia bafuni. Alianza na nyekundu, akaendelea na rangi nyingine, na nyeusi akaiacha mwisho. Mpaka hapo nilikuwa naona madoa matupu. Nyeusi iliposhuka, panya wakapata macho.

Chapa hizi ziliuzwa kwa ajili ya Tết, Mwaka Mpya wao wa mwezi. Kijijini kulikuwa na soko la picha katika mwezi wa 12 wa kalenda hiyo, tarehe 6, 11, 16, 21 na 26. Mkulima alinunua picha ya jogoo, ya nguruwe na watoto wake, ya mtoto mnene aliyemkumbatia bata, akaibandika ukutani. Mwaka ukiisha imepauka na moshi wa jikoni, anaibandua na kununua nyingine. Kwa hiyo ukiuliza ipi ndiyo picha halisi ya arusi ya panya, mtu wa Đông Hồ atashindwa kukuelewa. Kila inayotoka kwenye kibao ni halisi, na hakuna iliyokusudiwa kudumu.

Tena mafundi hawa hawakuwa wamelala. Wakati wa utawala wa Wafaransa walichonga vibao vipya vya kuwacheka watu wa zama zao. Iko chapa iitwayo Văn minh tiến bộ, ambayo jina lake lina maana ya ustaarabu na maendeleo, na nyingine ni Phong tục cải lương, mila zilizoboreshwa. Fundi wa kijijini aliona mavazi na vituko vya Kizungu vikiingia, akavitia kwenye kibao na kuvipeleka sokoni pamoja na kuku na nguruwe. Nakuomba ulikumbuke hili tutakapofika kwa wachoraji wa leo, maana wengi wanaoitetea sanaa ya jadi huizungumza kana kwamba haijawahi kubadilika.

Đông Hồ si peke yake. Ndani ya Hanoi penyewe kulikuwa na mafundi wa mtaa wa Hàng Trống. Wao walipiga chapa mistari myeusi tu, kisha rangi wakazitia kwa brashi, kwa hiyo picha zao zina vivuli laini ambavyo Đông Hồ haina. Zilikuwa picha za mjini, nyingi za ibada. Mashuhuri ni ile ya chui milia watano, kila mmoja na rangi ya upande wake: wa njano katikati, mwekundu kusini, mweusi kaskazini, mweupe magharibi, wa kijani mashariki. Kwa miaka mingi kazi hiyo imeshikwa na mtu mmoja, Lê Đình Nghiên, aliyeipokea kwa baba yake. Kijiji cha Kim Hoàng kilikuwa na chapa zake za karatasi nyekundu, na mafuriko ya 1915 yakachukua vibao vingi. Đông Hồ yenyewe zimebaki familia chache sana zinazoishi kwa kazi hii. Majirani zao wengi wanatengeneza vitu vya karatasi vya kuchomwa kwa ajili ya mizimu, nguo, nyumba, hata magari, kwa kuwa huko ndiko kwenye riziki. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, lakini nilipopita kijijini na kuona pikipiki zimebeba farasi wa karatasi waliorundikwa hadi juu, moyo uliniuma.

Sasa tuingie kwa wachoraji.

Mwaka 1925 Hanoi ilifunguliwa chuo cha sanaa cha Indochina, kilichoanzishwa na mchoraji wa Kifaransa Victor Tardieu akisaidiana na Nguyễn Nam Sơn. Vijana wa Kivietnam walifundishwa humo rangi za mafuta, mwili wa binadamu, namna ya kuonyesha umbali. Hapo ndipo swali lako lilipozaliwa: ukishajua kuchora kama mtu wa Paris, utafanya nini na picha ulizokua ukiziona ukutani kwa bibi yako?

Nguyễn Phan Chánh alijibu kwa hariri. Picha yake Chơi ô ăn quan, ya 1931, inaonyesha wasichana wanne wamechuchumaa wakicheza. Wewe utautambua mchezo huo mara moja. Ô ăn quan ni ndugu wa bao: vyumba huchorwa chini, kete za mawe husambazwa moja moja, na mwenye hesabu nzuri hula za mwenzake. Picha hiyo ilionyeshwa Paris mwaka huohuo. Ninachokipenda ni jinsi alivyokataa kutumia sehemu kubwa ya mafunzo yake. Hakuna nyumba nyuma, hakuna mti, hakuna mwanga wa jua kutoka dirishani. Nguo za wasichana ni maeneo mapana tulivu ya kahawia na nyeusi, na nafasi iliyobaki ameiacha wazi, kama fundi wa Đông Hồ anavyoacha karatasi iseme. Hakuna jogoo wala panya wa chapa ndani yake, na bado adabu ya chapa imo.

Kisha ikaja laka, na hii inahusu ubao wako. Laka ya Vietnam ni utomvu wa mti unaolimwa hasa Phú Thọ. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na ukoo hauna siri: mtu wa Mtwara anajua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua ngozi, na anayejifunza laka huvimba uso na kuwashwa mpaka mwili uzoee. Kwa karne nyingi utomvu huo ulipakwa kwenye sanamu za Buddha, sinia na mbao za maandishi hekaluni. Miaka ya 1930 wanafunzi wa chuo kile, pamoja na mafundi waliowafundisha, waliugeuza kuwa rangi ya kuchorea. Aliyeufikisha mbali kuliko wote ni Nguyễn Gia Trí (1908–1993).

Kazi yenyewe ni ya subira ya ajabu. Ubao huvikwa kitambaa na kupakwa laka tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka lisubiriwe likauke, na laka hukauka vizuri penye unyevu. Ukiianika juani kama rangi ya kawaida, umeharibu. Katikati ya tabaka mchoraji huzika vitu: karatasi nyembamba za fedha au dhahabu, rangi nyekundu, na maganda ya mayai, mara nyingi ya bata. Maganda yanahitajika kwa sababu utomvu una weusi na ukahawia wake, na rangi nyeupe ukiichanganya nao haibaki nyeupe. Mwisho picha nzima husuguliwa kwa maji na msasa mpaka yaliyozikwa yaanze kujitokeza. Mchoraji wa laka anachora kwa kuondoa. Akisugua kidogo, picha imebaki kaburini. Akizidisha, ameitoboa.

Mtu ninayemrudia kila ninapoulizwa swali kama lako ni Nguyễn Tư Nghiêm (1922–2016). Alisoma chuo hichohicho, kisha akaenda kujifunza upya kwenye đình. Đình ni nyumba ya kijiji, yenye madhabahu ya mlinzi wa kijiji na ukumbi wa wazee. Mihimili yake imechongwa na maseremala ambao majina yao mengi yamesahauliwa: wapiganaji wa mieleka, wanawake wanaocheza ngoma, watu na wanyama katika shughuli zao. Patasi haikulainishwa, alama zake zinaonekana hadi leo. Nghiêm alichukua mwendo wa patasi ile. Ukitazama picha zake za ngoma za kale, hutaona hata mwili mmoja ulionakiliwa kutoka kwenye mhimili, lakini wachezaji wake wamekatwakatwa kwa pembe na mikunjo kama waliotoka kwenye mbao.

Alikuwa na hadithi moja isiyomwacha: Gióng, mtoto wa miaka 3 ambaye hakuwahi kusema neno, mpaka siku adui alipoingia nchini. Hapo akaongea, akaomba farasi wa chuma, akala chakula cha kijiji kizima na kuwa jitu, akamtimua adui kwa mianzi aliyoing'oa njiani, kisha akapaa mbinguni. Nghiêm aliichora kwa miongo. Gióng ya laka ya 1990 iko Makumbusho ya Sanaa ya Vietnam, Hanoi. Farasi na mpandaji wamejengwa kwa vipande vyenye pembe, na mapambo yake yanakumbusha ngoma za shaba za Đông Sơn, za zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Nilisimama mbele yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Picha haisimulii hadithi kwa mpangilio wowote. Inatetemeka, kama ardhi inavyotetemeka farasi wa chuma akipita, na hilo ndilo mtoto analolisikia anapohadithiwa usiku.

Tena Nghiêm alikuwa na desturi ya kuchora mnyama wa mwaka kila Tết ilipokaribia. Kalenda yao ina wanyama 12, panya, nyati, chui milia na kuendelea, na kila mwaka una wake. Mwalimu, mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa jogoo. Ubao wako umesainiwa 2005. Kwa hiyo jogoo wako hakuokotwa tu kwa sababu wageni wanapenda kuku. Kwa kila dalili ni picha ya Tết, imefuata desturi ambayo Đông Hồ iliiweka na Nghiêm akaiingiza kwenye laka na karatasi yake.

Hofu ya shemeji hata hivyo si ya bure. Mwaka 1986 Vietnam ilianza mageuzi ya uchumi yaitwayo Đổi Mới, na miaka ya 1990 wageni walimiminika Hanoi wakiwa na fedha na hamu ya kitu cha Kivietnam. Maduka ya picha yakajaa nyati, kofia za majani zenye ncha, wasichana wenye nywele ndefu. Mchoraji aliyeuza nyati mmoja Jumatatu aliombwa mwingine kama yule Jumatano. Hata mtu mwenye kipaji cha kweli aliweza kuzama humo. Thành Chương, aliyezaliwa 1949, amechora nyati na mtoto mchungaji kwa miaka mingi, kwa rangi kali na maumbo ya duara yanayotoka moja kwa moja kwenye sanaa ya kijiji. Nyati wake bora wana furaha ya mtoto aliyelala mgongoni mwa mnyama akitazama mwezi. Lakini wamemzunguka waigaji wengi, na mgeni dukani hawezi kuwatenganisha.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Phan Cẩm Thượng, aliyezaliwa 1957, ni mtafiti wa sanaa ya kale na pia mchoraji. Anafanya kazi juu ya karatasi ya dó kwa rangi za asili, na watu wake wametulia kama sanamu za pagoda za kijijini. Huyu ni kipenzi changu, nakiri wazi. Bùi Thanh Tâm anawachukua wahusika wa Đông Hồ na Hàng Trống na kuwatupa katikati ya rangi kali za jiji na biashara za leo, na nikiziona picha zake nawakumbuka wale mafundi waliowacheka waliovaa Kizungu. Kijana Nguyễn Xuân Lam amezichora upya chapa za jadi kwa maumbo safi ya kompyuta, rangi zimewaka, kila kiungo cha mnyama kimejazwa nakshi. Wazee wengine hawapendi kazi hiyo. Mimi nasema imewarudisha vijana wengi mbele ya picha za mababu zao, na baadhi yao walivuka wakaenda kutafuta chapa zenyewe.

Basi utawatofautisha vipi? Mimi humuuliza mchoraji moyoni: umechukua nini? Aliyechukua sura tu, jogoo wa Đông Hồ akamhamishia kwenye ubao na kumwongezea mng'aro, amechukua kilicho chepesi kuliko vyote, na ndiye shemeji anayemsema. Aliyechukua malighafi, akakubali gome, kombe na utomvu vimfundishe na vimkatalie, amechukua kizito zaidi, kwa sababu malighafi haikubali uongo kwa muda mrefu. Na yupo aliyechukua akili: ile jeuri ya kumchora paka mkubwa na panya mwenye zawadi, kusema neno zito kwa picha ambayo mtoto ataicheka. Huyo anaweza kuchora kwa kompyuta, bila jogoo hata mmoja, na bado akawa mtoto halali wa Đông Hồ.

Turudi kwa jogoo wako. Katika chapa za kijiji jogoo ni mtu mkubwa. Husemwa ana sifa 5: usomi kwa upanga wake wa kichwani ulio kama kofia ya msomi, uaskari kwa vipi vyake vya miguuni, ushujaa kwa kutomkimbia adui, ukarimu kwa kuwaita wenzake akipata chakula, na uaminifu kwa kuwika saa ileile kila alfajiri. Mafundi wa Đông Hồ humchora kwa mistari minene, manyoya yakihesabika, na katika chapa moja huandikwa pembeni Đại cát, heri kubwa.

Kwenye picha uliyonitumia, mchoraji hakuandika heri yoyote na mistari minene ameiacha. Tazama shingo: vipande vya maganda ni vidogo kama punje za ulezi, vimefuata mwelekeo wa manyoya. Kifuani vimekuwa vikubwa, vimeachana, na weusi unapita katikati yake. Mkiani amesugua sana mpaka wekundu uliokuwa chini ya weusi umetokeza katika mapindo mawili tu. Karakana ya kutengeneza zawadi za wageni ingemwaga maganda sawasawa mwili mzima kama vigae, kwa kuwa ni haraka. Huyu alipanga kila kipande akijua ndege amejikunja wapi. Ameichukua hadhi ya jogoo wa kijiji, lakini jinsi anavyomwona ni yake mwenyewe. Kwa hilo, shemeji amekosea.

Limebaki jambo moja ambalo picha ya simu haiwezi kunionyesha. Bidhaa nyingi za madukani si laka ya mti wa Phú Thọ. Hupakwa laka nyepesi za viwandani, nyingine zikitokana na mafuta ya maganda ya korosho, ambazo hukauka haraka. Utelezeshe kiganja juu ya ubao ukiwa umefumba macho. Laka ya asili iliyosuguliwa vizuri ina ulaini wa kina, na mpaka kati ya ganda na weusi hutausikia kabisa. Ile ya haraka mara nyingi huachia vidole visikie vipande, na mng'aro wake ni wa juujuu kama plastiki. Pia laka ya asili huendelea kufunguka kwa miaka, wekundu wake ukizidi kung'aa. Kama shemeji anakumbuka kwamba ule mkia haukuwa mwekundu hivyo alipopewa, hiyo ni habari njema.

Kuhusu kuzitunza: ya karatasi isikae kwenye jua wala isibandikwe kwa gundi au selotepu. Iweke kwenye fremu yenye nafasi kati ya kioo na karatasi, maana unyevu wa pwani utaigandisha karatasi kwenye kioo. Ubao usiupake nta wala dawa ya kung'arisha samani. Kitambaa laini cha pamba kinatosha, na usiuweke penye upepo mkavu wa kiyoyozi, kwa kuwa mbao zitapinda na tabaka zitapasuka.

Na kwa kuwa unafundisha Dar es Salaam, bila shaka wanafunzi wako watakuuliza kuhusu Tingatinga. Safari hizi mbili zimepishana njiani. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na mbao za dari na rangi za baiskeli, akafariki 1972, na ubunifu wa mtu mmoja ukawa mtindo wa wengi. Vietnam ilianza na mafundi wasiotia saini na sasa inatafuta mtu mmoja mmoja mwenye sauti yake. Darasa lenye picha za pande zote mbili ukutani lina mengi ya kubishania, na waache wabishane.

Ukitaka waelewe kwa mikono, si lazima upate vibao vya Bắc Ninh. Kipande cha mbao laini, patasi ndogo, uji mzito wa mchele kuwa gundi, mkaa uliosagwa, udongo mwekundu wa njiani, manjano ya jikoni. Wachonge kibao kimoja kwa kila rangi, wachore jambo wanaloliona kila siku kituo cha daladala, na kila kikundi kije na dodoki lake. Waanze na nyekundu. Nyeusi iwe ya mwisho, na usiwaambie mapema kitakachotokea ikishuka.